Kutoka Tabora na Mguu Uliotulia Mno

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutii zaidi ya nilivyoambiwa. Dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya Tabora, alisema nisiukanyage mguu wenye plasta. Mimi nikaona kama kutoukanyaga ni vizuri, basi kutoutikisa kabisa ni vizuri zaidi. Ninyi mnaonijua hapa barazani hamtashangaa. Mmeniona nikifumua pindo la suruali ambalo mwenye suruali ameshalisifu na kutaka kuondoka nayo.

Tangu nirudi, kila anayekuja kunipa pole namsimulia kipande, kisha mnakutana kahawani mnabishana nani kasikia kweli. Basi naandika yote kwa mpigo mmoja, na aibu zangu zimo.

Tabora

Nilikwenda kwenye harusi ya kaka yangu, anayefanya kazi reli. Suti yake niliishona mimi. Ushoni sikufundishwa na mtu, niliupata kwa kufumua makoti makuukuu na kuyashona upya, ndiyo maana kila nguo ninayoitoa naiogopa kama mtihani. Usiku wote kabla ya harusi mvua ilinyesha, na asubuhi nikawa nashuka ngazi za baraza nimeiinua suti kwa mikono miwili isiguse chochote. Mguu wa kulia ukateleza. Mtu mwingine angeitupa suti akashika nguzo. Mimi nilianguka mikono ikiwa juu kama naomba dua, na mfupa wa muundi ukavunjika. Suti haikupata hata tone la tope. Kaka aliivaa, akaoa, na vigelegele nikavisikilizia hospitali.

Walinifunga plasta kutoka vidoleni mpaka chini ya goti. Dresa alikuwa mtu wa maneno machache. "Ukikaa, uinue mguu. Tikisa vidole mara kwa mara. Kunywa maji mengi. Na usiukanyage."

Nilisikia yote. Lakini mguu wa kulia ndio unaoongoza cherehani yangu, na tangu nianguke nilikuwa na hofu moja tu: ukiunga upande, nitakula nini? Hapo nikafikiri kifundi. Kola iliyopakwa gundi haiguswi mpaka ikauke. Nikajiambia mfupa nao ni hivyo hivyo, vidole vikicheza vitauvuta. Katika maneno ya dresa nikachagua lile lililoipendeza hofu yangu, mengine nikayaacha palepale Tabora.

Tabora mpaka Dodoma

Sijapata kuona ukarimu kama wa behewa lile la daraja la tatu. Watu waliokuwa wamebanana kama vibiriti walinyanyuka, wakaniachia ubao mzima. Mmoja akatandika koti lake chini ya kisigino changu. Mwingine akayafunga magongo yangu juu kwa kamba ya mzigo wake ili nisisumbuke nayo. "Mgonjwa atulie," walisema, na mimi nikawatii kwa furaha. Hata nilipotaka kuokota kitambaa changu kilichoanguka, mikono kadhaa ilinitangulia.

Maji sikunywa. Choo kilikuwa mwisho wa behewa, na niliona haya kwenda huko kwa magongo nikiruka miguu ya watu na vikapu vya kuku. Nikaona dawa ya choo ni kiu. Mayai ya kuchemsha ya Manyoni nilikula, ya chumvi na pilipili, na karanga nilikula. Maji nililowesha midomo tu.

Mbele yangu aliketi mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye kibuyu cha asali na mfuko wa matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Aliitwa Mama Mashaka, na alikuwa anakwenda Buguruni kwa binti yake aliyejifungua.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Dar es Salaam, mama. Mzaramo. Shikamoo."

"Hiyo shikamoo iweke kwanza. Mzaramo?" Akaligeukia behewa zima. "Jamani, mimi Mnyamwezi nimepewa mtani! Safari imekuwa fupi." Kisha akautazama mguu wangu. "Na hogo lote hili mlilibeba kutoka pwani mpaka Tabora? Mlidhani kwetu hakuna chakula?"

Watu wakacheka. Hogo ni muhogo mkubwa, na plasta yangu kweli ilifanana nao. Mnajua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulivyo, ulianza tangu siku za misafara. Mtani akikutukana hununi, akichukua kitu chako unakikomboa, na ukifa, yeye ndiye anayekuja kufanya mzaha msibani. Nilijua hayo yote. Lakini mtu mwenye hofu hana hamu ya mzaha. Nilitabasamu kwa meno tu.

Hata hivyo matobolwa alinipa, na asali ya kuchovyea. Sijala kitu kitamu vile njiani.

Gulwe

Tulipofika Gulwe gari moshi likasimama, na gadi akapita akisema mvua imekata reli mbele. Hakujua tutaondoka lini. Hapo ndipo nilipowaona watu wa safari kwa sifa zao zote. Hakuna aliyelia. Wanawake walishuka wakawasha moto kando ya njia, na mchele wa mmoja ukaingia sufuria moja na maharage ya mwingine. Wanaume walikwenda kuwasaidia watu wa reli kubeba mawe. Watoto waliogea bombani. Kutwa nzima, usiku, na siku ya pili yake, behewa letu liligeuka kijiji.

Mimi sikushuka. Walitaka kunishusha mara kadhaa, nikakataa kwa adabu. Nilijivunia utulivu wangu kama mtu anayejivunia mshono ulionyooka. Mguu uliinuliwa wakati fulani, kisha koti la yule bwana likahitajika, ukashuka ukaning'inia. Sikuomba uinuliwe tena. Sikutikisa hata kidole.

Mama Mashaka alipanda na sahani ya wali, akanitazama kwa muda.

"Mtani, tangu Dodoma sijakuona ukisogea. Inzi anatua, humfukuzi."

"Nimeamua kutulia, mama. Mfupa uunge."

"Umekufa wewe. Umekufa na hutaki kutuambia." Akaninyang'anya kofia kichwani. "Maiti havai kofia. Hii nairithi."

Kofia ile niliidarizi mwenyewe masika yote ya mwaka jana, tundu kwa tundu, na nilikuwa siivai ila Ijumaa na safarini. Nilishtuka. "Mama, nirudishie."

"Ikomboe. Sitaki hela. Nitikisie kidole gumba cha hilo hogo, nijue kama uhai upo."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Basi akaanza kuomboleza, mkono kichwani, kwa sauti ya msibani. "Mtani wangu wee! Umekufa njiani na hogo mguuni! Kaburi lako tulichimbe upande?" Behewa lote likaitikia. Wengine walilia machozi ya kweli kwa kucheka. Nikaugeuzia uso wangu dirishani, nikaapa moyoni kwamba hata wakinizika sitatikisa kidole. Ndivyo nilivyo, nisiwafiche. Nikidhihakiwa ninachofanya, nakifanya zaidi.

Gulwe mpaka Dar es Salaam

Reli ilipotengenezwa tuliondoka polepole, tukiyapita maji mekundu pande zote. Kilosa watu walinunua miwa. Karibu na Morogoro nikaanza kuhisi maumivu ndani ya plasta, nyuma, kwenye shavu la mguu. Hayakuwa ya mfupa, ya mfupa nilishayazoea. Haya yalibana kama mshono uliokazwa mno mpaka kitambaa kikakunjamana. Vidole vilikuwa vimevimba, vinang'aa. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri mfupa unaunga. Nilifurahi.

Dar es Salaam walinishusha kupitia dirishani, wanne ndani na wanne nje, kama kioo cha kabati. Mama Mashaka alisimama kwenye jukwaa akiwaelekeza. "Taratibu! Huyo ni maiti wangu!" Nilipokwisha kukalishwa juu ya sanduku langu, nikamdai kofia. Akaivaa yeye, juu ya kilemba cha kanga.

"Msiba uko wapi, nije?"

"Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, duka la Mama Kanti!" nilimjibu kwa hasira, akaondoka akicheka.

Mtaa wa Sikukuu

Mnajua ninakoishi, lakini yawezekana waraka huu ukasomwa na wengine. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Kanti na mumewe, Wahindi wanaouza mbele na kuishi nyuma. Chumba changu kiko nyumba ya pili, kwa shangazi yangu Mwanaidi aliyenilea. Shangazi ni mchuaji. Nusu ya wazazi wa mtaa huu wamepita mikononi mwake katika arobaini zao, na sifa ya mikono ile imefika mpaka Ilala.

Nilipolazwa kitandani, paja langu la kulia lilikuwa limevimba juu ya goti, limetuna, lina joto. Shangazi aliligusa mara moja akatikisa kichwa.

"Damu imelala. Umekaa mno garini. Inataka kuamshwa."

Akapasha mafuta ya nazi na karafuu. Nilisikia harufu ile nikalegea kama mtoto, maana ndiyo harufu ya kupona tangu nikiwa mdogo. Alikaa kitandani, akapaka mafuta mikononi, akaliweka paja langu mapajani mwake. Alikuwa ameanza kubonyeza kwa vidole gumba, kupandisha juu, Mama Kanti alipoingia na sahani ya chapati na bakuli la mtindi.

"Pole, fundi, habari za…" Hakumaliza. Aliweka sahani sakafuni. "Mama Mwanaidi, toa mkono."

Shangazi akacheka. "Wewe Mama Kanti, dukani kwako hatugusi kitambaa mpaka tununue. Na mguu wa mwanangu hauguswi pia?"

"Sifanyi mzaha. Toa mkono kwanza." Akapiga goti, akagusa paja langu la kushoto kwa mgongo wa vidole, kisha la kulia. "Huu baridi. Huu moto."

"Mguu umevunjika, unataka ulingane na mzima?"

"Umevunjika chini. Juu umevimba kwa nini?"

Shangazi akalitazama paja langu upya. Nilikuwa na majibu mengi kuhusu mfupa, lakini swali hilo sikuwa nimejiuliza.

Mama Kanti akakaa pale pale sakafuni. "Dada yangu alizaa. Wakamlaza siku arobaini, kama ninyi mnavyolaza. Mguu mmoja ukavimba, moto hivi hivi. Mchuaji akaitwa. Mikono yake mizuri, kama yako, Mama Mwanaidi, sikudanganyi. Akachua siku tatu. Dada akasema, sasa nafuu. Akasimama kumpokea mtoto." Akanyoosha mikono yake mitupu. "Mtoto tulimdaka. Dada hatukumdaka. Daktari alisema kuna donge la damu mguuni, limepanda kifuani."

Nilimtazama shangazi. Mtu mwingine mwenye sifa kama yake angebisha. Angesema dada wa Mama Kanti alikuwa na lake, na mimi nina langu. Yeye alilitua paja langu godoroni taratibu, akafuta mafuta kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Nimebonyeza mara ngapi?" aliniuliza.

"Kidogo tu, shangazi."

"Usisogee sasa. Mama Kanti, teksi."

"Barabara zote maji. Baba Kanti kaenda na gari Bagamoyo."

"Basi mwite hamali."

Juu ya mkokoteni

Safari yangu ndefu kuliko zote haikuwa ya Tabora. Ilikuwa ya kutoka Mtaa wa Sikukuu mpaka hospitali, juu ya mkokoteni wa hamali mmoja wa kutoka kusini aliyeitwa Nandonde. Alikuwa anashusha magunia ya mchele dukani jirani. Alikuja, akanitazama, akautazama mkokoteni, akarudi kuchukua magunia matupu. Akayakunja na kuyapanga mpaka mguu wangu ukawa juu kuliko kifua.

"Mzigo huu unakwenda wapi?"

"Hospitali," shangazi akamwambia. "Na usiupige kwenye mashimo."

"Mama, mchele ukimwagika naurudisha kwenye gunia. Huyu akimwagika nitamrudisha wapi? Sitaupiga."

Tukaingia Msimbazi mchana, katikati ya soko lililojaa matope. Shangazi alitangulia akipiga kelele, "Pisheni! Mgonjwa! Pisheni!" na wauza machungwa wakawa wanavuta mafungu yao pembeni. Kila palipokuwa na shimo Nandonde aligeuza mkokoteni akaupitisha kinyumenyume, gurudumu moja moja, na vijana wasiomjua walishika ubao upande wa pili bila kuitwa. Mama Kanti alitembea ubavuni kwangu, ndara mkononi, sari imelowa tope mpaka magotini. Watu walimkodolea macho, mke wa mwenye duka akiandamana na mkokoteni. Hakumtazama mtu. Alikuwa ameshika mkono wangu na kuniambia, "Vuta pumzi, fundi. Taratibu. Vuta."

Aliniambia hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshindwa. Tulipofika karibu na bonde la Jangwani kitu kilinichoma ubavuni, na kila nikivuta hewa kilinichoma tena, ikawa navuta nusu nusu. Hapo nikaelewa. Sikuwaza tena mguu kunyooka. Niliwaza kwamba nimejitahidi sana kutulia, na sasa naweza kutulia moja kwa moja. Nililia. Shangazi aligeuka akaona, akaacha kupiga kelele, akaja kushika mkono wangu mwingine. Kwa hiyo Nandonde ndiye aliyepaza sauti mpaka mlangoni, kwa Kiswahili na kwa kilugha chao, na watu walipisha kwa lugha zote mbili.

Wodini

Sitawachosha na wodi. Waliipasua plasta pande mbili kama mkate, wakaulaza mguu kwenye nusu yake. Daktari aliniuliza nilisafiri vipi, nilikunywa nini, nilitikisa vidole au la. Nilimwambia kweli. Alieleza kwa upole kwamba mguu uliovunjika na kufungwa, ukikaa bila kusogezwa, damu hukwama kwenye mshipa wa ndani na kuganda. Kipande kidogo kilikuwa kimeshakatika kikafika kwenye pafu. Kikubwa kingeniua.

"Kwa hiyo ni kosa langu?" niliuliza.

"Wapo waliotikisa vidole na kunywa maji, na bado ikawapata. Lakini wewe uliifungulia mlango."

Nilichomwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, na kila mara walinitoa damu kuipima. Muda mrefu sikujua kama kuna kipande kingine njiani. Kila nikikohoa nilisubiri. Shangazi alileta uji kila siku, Mama Kanti akaleta mtindi, na walikuwa wakibishana mlangoni nani aingie kwanza, wanacheka. Siku moja nilimsikia shangazi akimuuliza kwa sauti ndogo, "Dada yako aliitwa nani?" Jibu sikulisikia, lakini walikaa nje kwa muda mrefu.

Kisha siku moja, wakati wa kuona wagonjwa, nikasikia kilio cha msibani kutoka mwisho wa wodi.

"Yuko wapi maiti wangu?"

Mama Mashaka alikuwa amekwenda Mtaa wa Sikukuu kuirudisha kofia, akaelekezwa hospitali. Alipouona mguu, mzaha ulimtoka usoni kwa kitambo. Nilimwambia yote. Nilimwambia alikuwa sahihi kule Gulwe, kwamba kama ningemtikisia kidole na kushuka nikanyoosha mwili, huenda nisingefika hapa.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilitaka kofia, baba. Nzuri sana. Nilimwonyesha binti yangu kuwa nimemuua Mzaramo." Kisha akaja mguuni pangu, akakunja mikono. "Haya. Deni bado lipo."

Nilivitazama vidole vyangu. Muuguzi alikuwa akinitikisisha asubuhi na jioni, lakini huyu niliona haya kwake kuliko kwa daktari. Nikakitikisa kidole gumba, kisha vyote, mbele na nyuma, mpaka kifundo.

Mama Mashaka hakucheka. Aliitoa kofia kwenye kikapu, imefuliwa na kupigwa pasi, akakivika kile kidole gumba. "Marahaba," alisema. "Ile shikamoo ya kwenye gari moshi sikukuitikia."

Sasa mguu umeunga sawa. Jioni huvimba kidogo, na daktari amesema huenda ukawa hivyo siku zote. Kila nikimaliza mshono mmoja nasimama, naizunguka nguzo ya baraza, nakunywa maji. Shangazi bado anachua, ila huanza kwa kulinganisha miguu yote miwili, na mmoja ukiwa umevimba na una moto, hagusi, anatuma hospitali. Na mimi nikiambiwa nitulie, nauliza kwanza: nitulize kipi, na kipi niendelee kukitikisa?